Aliyekata Vitabu vya Violeth

Kitabu cha kwanza Violeth alikisamehe. Kilikuwa cha zamani, kimepita mikono mingi, na alipoona kurasa za mwisho hazipo alidhani gundi imechoka zikadondoka zenyewe. Cha pili kilimkera. Cha tatu, kile cha daktari aliyehamishiwa Kigoma, alikipeleka dirishani, akakifungua mpaka mgongo ukalia, akapitisha kidole mahali kurasa zinaposhikana. Kidole kiligusa ukingo mwembamba wa karatasi, umenyooka kama umepigwa rula. Hizi hazikudondoka. Mtu alikaa chini, akashika wembe, akazikata kwa utulivu wake.

Hapo ndipo alipoanza kuwatazama watu wake kwa jicho jingine.

Watu wenyewe walikuwa watatu tu. Violeth alikuwa mjane mwenye duka la madaftari na kutoa kopi, nyuma ya soko la Bariadi. Mumewe, aliyekuwa mwalimu, alimwachia kabati zima la riwaya, na baada ya msiba Violeth aliona uchungu kuziacha ziliwe na mchwa. Akaanza kuwaazima watu. Walioazima wakageuka kikundi. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, walikaa chumba cha nyuma ya duka, wakanywa chai kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuzungumza habari za vitabu kama watu wanavyozungumza habari za majirani. Tena walikuwa wamekubaliana kwamba Desemba, kabla watu hawajatawanyika kwa sikukuu, kila mmoja ataeleza alivyosoma mwaka mzima, kipi kilimkaa moyoni na kipi kilimchosha.

Wa kwanza alikuwa Nyamizi, msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, mzaliwa wa Mwamapalala, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuogopa. Wa pili Danford, bwana shamba wa Ngulyati, kijana mwenye pikipiki na ubishi, aliyehamia huku akitokea kwao Nassa. Wa tatu Muksini, mtu mzima kutoka Tabora, muuza vitambaa, ambaye hata akikupinga unaondoka umefurahi.

Hakuna aliyeandika nani kachukua nini. Mtu alifungua kabati, akachukua, akarudisha, au akampa mwenzake mkononi. Kwa Violeth huo ndio ulikuwa utamu wa kikundi. Sasa ukawa ugonjwa wake, maana vitabu vyote vilivyokatwa vilikuwa vimepita kwa wote watatu.

Alimwambia Nyamizi kwanza. Si kwamba alimwamini kuliko wengine, ila alitaka kuona uso wake utafanya nini. Alivuka barabara asubuhi akamkuta anafagia nywele za jana, wakaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Hebu tazama hiki."

Nyamizi aliegemeza ufagio ukutani, akapokea kitabu cha daktari, akakipekua kwa nyuma. Uso wake haukufanya kitu ambacho Violeth angeweza kukishika. Alikunja tu mdomo.

"Na kile cha ndugu wawili wa mgodini, umekiangalia?" akauliza.

"Kile kizima. Mwisho upo."

"Mwisho upo. Katikati je? Mimi nilikisoma masika kikiwa kizima. Juzi nimekichukua nimsomee mama, pale mdogo mtu anapofukiwa na kifusi hapapo. Wanaingia shimoni, ukifungua ukurasa unakuta kaka mtu anaoa. Mama akaniuliza, sasa yule mwingine kaenda wapi?"

Walirudi dukani pamoja, wakashusha vitabu vyote, wakaketi sakafuni kuvipekua. Violeth alikuwa amevisoma vyote zamani, kwa hiyo kila walipokuta pengo alijua kilichokuwepo. Bibi anayefia hospitali. Bwana harusi anayezama mtoni. Mke wa mkulima anayeugua mpaka anaisha. Mama wa yule daktari. Kadiri walivyoendelea sauti zao zilikuwa zinashuka zenyewe, kama za watu walio chumba kimoja na mgonjwa. Kurasa za harusi zilikuwepo. Kurasa za ugomvi, za wizi, hata zile za mapenzi ambazo mwalimu marehemu alikuwa akizifunika na gazeti wageni wakija, zilikuwepo. Kilichokosekana kila mahali ni kifo.

"Dada Violeth," Nyamizi alisema, "huyu hakati vitabu. Huyu anakusanya wafu."

"Acha maneno hayo."

"Kwetu mtu akichukua kitu cha maiti, hata uzi wa sanda, watu hawalali. Mtu anachukua vifo vya watu, anavipeleka wapi? Kwa nani?"

Violeth alikuwa mtu wa kanisa na alicheka. Lakini Nyamizi alipoondoka alifunga kabati kwa ufunguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha, alipokuwa anatoa kopi za vyeti vya wateja, wazo jingine likamjia: mbona Nyamizi anakumbuka vizuri hivyo alikisoma lini, na kilikuwaje? Saluni ina droo nzima ya nyembe.

Kwa Muksini alikwenda kesho yake. Alimkuta anampimia mteja kitenge, akamngoja amalize.

"Nilikikuta hivyohivyo, dada yangu," Muksini alisema alipooneshwa kitabu. Alikishika kwa mikono miwili, akakirudisha haraka. "Nikajua ni uzee wa kitabu. Karibu chai."

"Asante, nimeacha duka wazi. Mama Saidi hajambo? Siku nyingi hatumwoni hapa."

"Hajambo. Amepumzika tu."

Violeth hakuendelea. Mtaani walikuwa wanasema Zamda, mke wa Muksini, amegombana na mumewe na kurudi kwao, na kwamba ndiyo maana siku hizi mwanamume huyo anafunga duka mapema na anaazima vitabu kama mtu anayekimbia usingizi. Alimtazama anavyokunja kitambaa, anakilainisha kwa kiganja, anakunja tena, akamwonea huruma. Akaondoka hana shaka naye hata kidogo.

Akabaki Danford.

Mara mambo yote yakaanza kumwelekea Danford. Violeth alikumbuka siku moja, wakati wa msimu wa pamba, kijana huyo alivyogonga meza akisema waandishi wetu wamezidi kuua. Mtu akishindwa kuimaliza hadithi yake anamuua mtu, basi. "Ningekuwa na uwezo ningezifuta sura zote hizo," alisema, wakacheka. Alikumbuka kisu kidogo cha kukunja anachotembea nacho kiunoni, cha kupasulia mifuko ya mbegu. Alikumbuka kwamba hakuna anayemjua vizuri. Kabla ya Danford kufika, vitabu vilikuwa vizima.

Alijitafutia sababu ya kwenda Ngulyati. Akabeba boksi la madaftari ya mwalimu mmoja aliyekuwa ameagiza, akapanda bodaboda. Alimwona Danford kwa mbali, katikati ya shamba la mtu, amezungukwa na wakulima, anaonesha mistari kwa fimbo. Hakumwita. Alisimama kwenye kibanda cha pembeni, akanunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya kitabu. Macho yake yakaangukia maneno "akafumba macho, asiyafumbue tena".

Alizimwaga karanga kwenye mkoba, akaikunjua karatasi. Ilikuwa habari fupi ya kuku aliyeliwa na kicheche, na chini yake maswali ya ufahamu ya watoto wa shule ya msingi.

Mtu mwingine angejicheka akarudi nyumbani. Violeth aliikunja karatasi ile akaiweka mkobani pamoja na karanga, na njia nzima alikuwa anajiuliza kibanda kile kinapata wapi karatasi, na nani anapita hapo kila siku na pikipiki.

Akamtegea. Alichukua riwaya ambayo hakuna aliyewahi kuisoma kikundini, ambayo msichana anakufa kwa homa kurasa chache kabla ya mwisho, akampa Danford yeye mwenyewe mkononi. Wiki iliyofuata kitabu kilirudi kizima. Kifo kilikuwepo, na pembeni yake Danford alikuwa ameacha alama ya kidole cha udongo.

"Kizima," Nyamizi alisema. "Basi siye."

"Au amejua tunamchunguza."

"Dada, sasa kizima ni kosa, kilichokatwa ni kosa?"

Violeth alikirudisha kitabu kabatini. Alishafika mahali ambapo kila kitu kilikuwa ushahidi.

Jumapili moja ya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha na wakulima wote wakiwa wamemkalia Danford kooni kwa habari ya mbegu, kijana huyo aliingia amechoka, ana matope mpaka magotini, akawasalimu wenzake watatu waliokwisha kuketi, akaenda moja kwa moja kabatini. Alikuta limefungwa.

"Dada Violeth, naomba ufunguo."

"Leo hutachukua kitabu, Danford."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu anakata vitabu vya marehemu mume wangu. Mpaka nimjue, wewe sikupi."

Danford aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Wewe, umesema. Hukusema 'sisi wote'. Umesema mimi."

"Ni wewe uliyesema utazifuta sura za vifo."

"Nilisema nikiongea! Dada Violeth, mimi nikiongea naongea. Unaniona mimi wa kukaa na wembe nikate karatasi? Nizipeleke wapi?"

"Hilo ndilo tunalotaka kujua."

"Sawa." Danford alinyoosha mkono kuelekea mbele ya duka, ilipokuwa meza ya kopi, na kando yake kikatio kikubwa cha karatasi chenye mpini mrefu. "Kati yetu hapa, nani ana mashine ya kukatia karatasi? Nani analala na vitabu hivi ndani ya nyumba? Mimi sijakuuliza, maana sikufikirii hivyo. Wewe umenifikiria."

Nyamizi alisema, "Tulieni jamani, tuongee." Muksini alikuwa anakoroga chai yake, anakoroga tu, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani, na alipoona Violeth anamwangalia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikitikia dunia. Violeth alikichukulia kile kichwa kuwa kinamuunga mkono.

Danford alitoka. Pikipiki iligoma kuwaka, wakasikia anaipiga teke mara nyingi hadi ikakubali.

Wiki zilizofuata chumba cha nyuma kilipoa. Nyamizi alikuja, akanywa chai, akaondoka mapema. Muksini alikuwa hakai. Alichukua kitabu, akasema ana wageni. Violeth alivikagua vitabu kila jioni akifunga duka, na hakuna kipya kilichokatwa. Hilo lilimpa moyo, akajisemea kwamba ndiyo, aliyeondoka ndiye. Lakini kuna siku alijikuta amesimama mbele ya kikatio chake, anakitazama, na maneno ya Danford yanamsumbua. Tangu lini amekuwa mtu wa kufungia vitabu?

Siku ya kuelezana ilipofika alitaka kuiahirisha. Nyamizi ndiye aliyekataa. Alikwenda mwenyewe Ngulyati, akambembeleza Danford, akarudi naye, na kijana akaketi karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. Violeth alikuwa na mpango aliomficha kila mtu. Angemtaka kila mmoja asimulie kitabu cha daktari mpaka mwisho. Katika mwaka huo aliyekata ndiye aliyeona mwisho, wengine wangekwama. Alitega sikio lake kama mtu anayesikiliza panya.

Nyamizi alianza. Alieleza kile cha ndugu wa mgodini, akaeleza mama yake alivyokataa kulala mpaka ajue mdogo mtu kaenda wapi, akawachekesha kidogo. Cha daktari hakuwa amekimaliza, alisema. Kilimtisha tangu siku ile.

"Danford?"

"Mimi nitasema kifupi." Hakusimama. "Kizuri kuliko vyote mwaka huu ni hicho cha daktari. Nilikisoma bila mwisho wake. Mama yuko kitandani, mtoto yuko njiani kutoka Kigoma, basi, kitabu kimekwisha. Nilikuwa napita mashambani nawaza, je, aliwahi? Kama ningekuwa nimezikata mimi, angalau ningejua."

Violeth alijisikia vibaya, kisha akajilazimisha kuwaza kwamba mtu mjanja angesema hivyohivyo.

"Kaka Muksini."

Muksini alisimama, akavua kofia, akaivaa. "Mwaka huu nimesoma kuliko miaka yangu yote," alianza. "Nimesoma... vingi. Hicho cha daktari ni kizuri, kama alivyosema mwenzangu. Mama yake alikuwa..." Akapangusa uso. "Mtanisamehe, leo kichwa hakiko sawa." Akaketi.

Bajaji ilisimama nje. Wakasikia mwanamke anamwambia dereva amngoje, kisha hodi, na pazia la mlango likasogezwa. Violeth hakumtambua mara moja. Alikuwa amevaa baibui lililomzidi, na mtandio umefungwa umebana kichwa, na mikono yake, alipoushika mlango, ilikuwa imebaki mifupa na ngozi. Kilichomtambulisha ni macho.

"Asalaam aleikum. Samahanini, nimechelewa."

"Mama Saidi!" Muksini aliinuka kwa kasi mpaka kikombe kikaanguka. "Nani amekuleta? Umekujaje?"

"Na bajaji, baba Saidi, kama watu wote." Zamda aliketi kwenye kiti alichokiacha mumewe, akapumua kwanza. "Mimi nami ni msomaji wa vitabu vya hapa. Mwaka mzima nimevisoma kitandani. Nimesikia leo ni siku ya kueleza. Naruhusiwa?"

Violeth aliitikia kwa kichwa.

Zamda alieleza vizuri. Kumbe alikuwa msimuliaji. Alieleza ndugu wa mgodini, na katika maelezo yake mdogo mtu aliyefukiwa alitolewa upande wa pili wa mlima, kavunjika mguu, akaenda kuchunga ng'ombe wa watu na hakurudi nyumbani kwa aibu. Alieleza bwana harusi aliyezama; kwake alishikwa na mizizi, akatoka kijiji kingine. Nyamizi alifungua mdomo akaufunga. Zamda akafika kwa daktari wa Kigoma. Mama yule, alisema, alimngoja mwanawe siku nyingi, akapata nafuu asubuhi moja, akaomba uji wa mtama, na mwanawe alipofika alimkuta uani anapepeta choroko, akamwuliza mbona umekonda.

"Lakini dada," Nyamizi alishindwa kujizuia, "mimi niliambiwa yule mama alifariki. Dada Violeth aliniambia."

"Najua alifariki." Zamda aligeuza uso kwa Muksini. "Namba za kurasa najua kuzisoma, baba Saidi. Mtu hakati kurasa za harusi."

Muksini alikuwa bado amesimama. Alitafuta mahali pa kushika, akashika kabati.

"Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa panya," Zamda aliendelea, akiwaeleza wengine. "Kisha nikagundua kila kitabu yeye anakisoma kwanza, mbio mbio, ndipo ananipa. Nina saratani, ndugu zangu. Ni mwaka sasa tunakwenda na kurudi Mwanza kwa matibabu. Hatukusema, maana watu wakisikia wanaanza kukulilia ungali hai. Yeye akaona nisikutane na mtu anayekufa, hata wa kwenye karatasi. Nikamwacha. Alikuwa hana kingine cha kunifanyia, na mimi nikawa napata kazi ya kuyatunga yaliyokosekana. Ila juzi aliniambia bwana shamba amefukuzwa kwa ajili ya vitabu. Nikamwambia, nenda kaseme. Akasema ndiyo. Nikangoja. Leo asubuhi nilimtazama usoni nikajua hatasema."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, nyepesi. Violeth alimtazama Muksini, mtu aliyekuwa na hakika naye kuliko wote, akaona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeshikwa.

"Zipo dukani," Muksini alisema. "Kurasa zote. Sikuzitupa. Chini ya majora ya vitenge. Nilitaka... nilisema akipona nitazirudisha, nitazibandika, hakuna atakayejua." Akamgeukia Danford. "Kijana wangu, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Danford alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, hakuwa na uso wa ushindi.

"Mzee, habari ya wembe nakuelewa. Wallahi nakuelewa, mama yangu nilimuuguza mimi. Nisichokielewa ni chai. Ulikuwa unakoroga chai mimi ninaitwa mwizi."

Muksini alivua kofia yake, akaikunja mikononi.

"Na wewe dada Violeth..." Danford aliacha sentensi hapo. Aliinuka, akamwinamia Zamda, akampa pole kwa mikono miwili, akamwuliza kama anahitaji chochote kutoka shambani. Kisha akatoka mvuani. Mara hii pikipiki iliwaka kwa teke moja.

Violeth alimfuata Ngulyati wiki ile. Hakubeba madaftari ya kusingizia. Alimkuta kwenye mkutano wa wakulima chini ya bati la ofisi ya kata, na Danford, ingawa alimwona, aliendelea kufafanua nafasi ya shimo na shimo, dawa ya wadudu, palizi, mpaka akamaliza. Violeth alingoja kwenye benchi pamoja na wazee, ambao walimsalimia na kumwuliza yeye analima eneo gani.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema walipobaki wawili. "Nilikuaibisha mbele ya watu bila kitu mkononi."

"Ulikuwa na kitu. Mimi si wa hapa na nabisha."

"Ndiyo," Violeth alisema, maana ilikuwa kweli. "Hicho ndicho nilichokuwa nacho."

Danford alibandua jani la pamba lililokuwa limeshika kwenye fulana yake, akalitazama kwa chini kutafuta wadudu, kwa mazoea. "Nimekusikia, dada. Kikundini nitarudi. Si sasa. Nikija nikikuta kabati limefungwa, nageuza."

"Hutalikuta."

Muksini alirudisha kurasa akiwa amezifunga kwa kitambaa, na Violeth alikaa siku kadhaa akizibandika kwa gundi na utepe, kila moja mahali pake. Mshono ulionekana. Alipomaliza, Zamda alimwita nyumbani, akamwomba aje na cha daktari.

Alimkuta amelazwa sebuleni, godoro limevutwa karibu na dirisha. Muksini alimkaribisha, akaleta maji, akatoka kwenda dukani bila kuaga vizuri. Tangu siku ile alikuwa mtu wa kupita pembeni.

"Nisomee kilichokatwa," Zamda alisema.

Violeth alisoma. Mama wa daktari alikufa alfajiri, mtoto akiwa bado njiani, na jirani ndiye aliyemfumba macho. Zamda alisikiliza ametazama dari.

"Yangu ni nzuri zaidi," alisema baadaye.

"Ni kweli."

"Mwandishi alikuwa na haraka." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Dada Violeth, nikuulize. Mbona hukumshuku mume wangu? Alivichukua vitabu kuliko wote."

Violeth alifikiri. Angeweza kusema mengi. "Anaongea vizuri," alisema mwishowe. "Na nilimwonea huruma. Mtaani walisema umemwacha."

Zamda alicheka mpaka akakohoa, na Violeth akamshika mgongo, akampa maji. "Nimemwacha!" alirudia. "Nimwache, niende wapi? Mimi? Hata kwenda uani ananishika mkono."

Daktari wa Mwanza alikuwa amewaambia warudi baada ya mwaka mpya. Dawa zilikuwa zinafanya kazi kidogo, au hazikuwa zinafanya kazi bado. Walikuwa wameambiwa vyote viwili na watu tofauti. Zamda aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyosimulia vitabu, bila kuficha ukurasa wowote, na Violeth akasikiliza bila kujaribu kumkatisha.

Mlio wa pikipiki ulikoma nje. Danford aliingia na gunia dogo la choroko begani, akakuta wanawake wawili wamekaa na kitabu katikati. Alisita.

"Mwadila," alisalimia.

"Mwadila, kaka. Pita," Zamda alisema. "Tumefika mahali pazuri. Kitabu kingine hiki," akajigusa kifua, "hata sisi hatujui kinaishaje."

Danford aliliweka gunia pembeni ya mlango. Violeth akajisogeza kwenye mkeka, akampisha nafasi, na baada ya muda kidogo kijana akavua viatu vyake vya matope akaketi.